Mwongozo Kamili: Kujenga Makutano ya Reli Yasiyokwama katika OpenTTD

Wachezaji wengi wa OpenTTD, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuendesha usafiri, hapa Tanga hukwama mahali pamoja. Reli yenye treni mbili au tatu huwaendea vizuri, lakini mara tu tawi jipya linapoungwa na treni zikaongezeka, makutano hufunga na hakuna treni inayosogea tena. Ramani zao hutofautiana sana kwa umbo: wengine wamejenga makutano makubwa yenye madaraja mengi, wengine wameunganisha reli mbili tu shambani. Kosa lakini ni lile lile. Ishara imewekwa mahali ambapo treni haikupaswa kusimama.

Katika mchezo huu, kila ishara unayoiweka ni ruhusa kwa treni kusimama hapo, pamoja na mabehewa yake yote nyuma. Mchezaji anayeliweka wazo hilo mbele ya umbo la reli hujenga makutano yanayofanya kazi hata yakiwa ya kawaida kabisa, na anayelisahau hukwama hata akiwa na madaraja kumi.

Mfano wetu ni makutano ya Mnyusi, kati ya Muheza na Korogwe, ambapo reli inayotoka Ruvu huungana na ile inayotoka Tanga kwenda Moshi na Arusha. Reli ya kweli pale ni ya njia moja. Sisi tutajenga njia mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, kwa kuwa ndiyo namna inayowashinda wengi na ndiyo inayobeba treni nyingi.

## Vinavyohitajika

Kwanza, mchezo wenyewe. OpenTTD hupakuliwa bure, na hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows, Linux na macOS. Chukua toleo la karibuni.

Pili, ramani mpya yenye hali ya hewa ya tropiki, kwa sababu ndiyo yenye mahindi na matunda. Chagua ardhi tambarare kadiri inavyowezekana. Milima ya Usambara ni mizuri kuitazama, lakini usijifunze makutano mlimani.

Tatu, fedha za kutosha. Bonyeza Ctrl, Alt na C kwa pamoja ili ufungue dirisha la majaribio, kisha ujiongezee fedha. Huu ni uwanja wa mazoezi, na mazoezi yanahitaji kubomoa na kujenga upya bila kuhesabu gharama.

Nne, mipangilio mitatu. Zima uharibifu wa vyombo, ili treni ikisimama ujue kuwa ni ishara iliyoisimamisha wala si injini mbovu. Zima ruhusa ya treni kugeuka zinaposubiri ishara kwa muda mrefu, kwa maana treni inayogeuka yenyewe huficha kosa lako. Washa mpangilio unaoonyesha njia zilizoshikwa na treni. Reli iliyoshikwa itaonekana nyeusi zaidi kuliko nyingine, na hilo ndilo jicho lako katika kazi hii yote.

Mwisho, karatasi na penseli. Usiziache.

## Hatua ya 1: Andika safari kabla ya kuchora reli

Kwenye skrini ramani huonekana imegeuzwa upande, kwa hiyo chagua mhimili mmoja na uupe jina la magharibi. Reli kuu itatoka Tanga upande wa mashariki kuelekea Korogwe upande wa magharibi, na tawi la Ruvu litashuka kusini. Treni zetu zitapita kushoto, kama magari ya hapa nchini. Hivyo reli ya kwenda Korogwe itakuwa upande wa kusini wa njia kuu, na ya kurudi Tanga itakuwa upande wa kaskazini. Kwenye tawi, reli ya kwenda Ruvu itakuwa upande wa mashariki, na ya kutoka Ruvu upande wa magharibi.

Sasa andika ni treni zipi zitapita. Tuseme matunda yanatoka Muheza kwenda kwenye kiwanda cha chakula upande wa Ruvu, mahindi yanatoka Korogwe kwenda kiwanda hicho hicho, na abiria wanakwenda kati ya Tanga na Korogwe. Kila treni inayokwenda lazima irudi, kwa hiyo safari huja kwa jozi. Ukiacha zile mbili zinazonyooka, zinabaki kona nne:

- Tanga kwenda Ruvu, kona ya kushoto.
- Ruvu kwenda Korogwe, kona ya kushoto.
- Korogwe kwenda Ruvu, kona ya kulia.
- Ruvu kwenda Tanga, kona ya kulia.

Kona za kushoto hazikati reli yoyote. Moja inachepuka tu kutoka kwenye njia ya Korogwe, na nyingine inaingia humo. Kona za kulia ndizo zenye kazi. Kila moja inaikata njia inayokwenda Korogwe, na zenyewe kwa zenyewe zinakatana. Kwa hiyo yapo makato matatu, hakuna zaidi, na ukiyatia alama kwenye karatasi utaona kwamba makutano yanayotisha kwenye skrini yana mahali patatu tu pa kuangalia.

Kama safari mojawapo haihitajiki, usiijengee reli. Wachezaji hupenda kuunganisha kila upande na kila upande kwa sababu huenda siku moja ikafaa. Reli isiyotumika huipa treni nafasi ya kupotea, nayo itapotea.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuipitisha penseli kwenye kila safari, kwenda na kurudi, bila kuinua mkono na bila kupita kinyume kwenye reli yoyote.

## Hatua ya 2: Amua urefu wa treni, na usiubadilishe

Chagua urefu mmoja wa juu kwa mtandao mzima. Katika mwongozo huu ni miraba 5, mraba mmoja ukiwa kigae kimoja cha ramani. Kwa kawaida kila injini na kila behewa huchukua nusu ya mraba, kwa hiyo injini moja na mabehewa 9 hujaza miraba 5 kamili. Stesheni zote zijengwe kwa urefu huo.

Sababu ni kwamba nafasi zote za hatua ya 4 hupimwa kwa urefu wa treni ndefu kuliko zote. Mtu akijenga makutano kwa treni za miraba 5, halafu miaka kadhaa ya mchezo ikapita, akanunua injini yenye nguvu zaidi na kuongeza mabehewa hadi miraba 8, makutano yale yale yaliyomtumikia vizuri yataanza kukwama, na atadhani mchezo una hitilafu.

## Hatua ya 3: Laza reli bila ishara hata moja

Laza reli zote kama zilivyo kwenye karatasi. Jenga kwa nafasi: acha angalau miraba 12 iliyonyooka kila upande wa makutano kabla ya kitu kingine chochote, iwe stesheni, karakana au makutano mengine. Ardhi tupu kuzunguka makutano ndiyo nyenzo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo wanaoanza huibania zaidi.

Epuka kona mbili za upande mmoja zilizo karibu karibu, kwani treni hupunguza mwendo kwenye kona kali, na treni inayojikokota ndani ya makutano huwazuia wengine kwa muda mrefu zaidi. Kona za nyuzi 90 zisitumike kabisa. Upo mpangilio wa kuzikataza. Uwashe, ili treni zisije zikajichagulia kona hizo mahali reli mbili zinapogusana.

## Hatua ya 4: Weka ishara

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo isome yote kabla ya kuweka ishara ya kwanza.

Tumia aina moja tu: ishara ya njia ya upande mmoja. Zipo pia ishara za zamani zinazogawa reli kwa vipande, ambazo huruhusu treni moja tu ndani ya kipande kizima. Nazo zina matumizi yake kwa wajenzi wazoefu, lakini ndani ya makutano zitaizuia treni ya kushoto imsubiri mwenzake wa kulia ingawa njia zao hazigusani. Ishara ya njia hufanya tofauti. Treni inapoikaribia, hutafuta njia kutoka hapo hadi mahali pengine ambapo inaweza kusimama salama, kisha huishika njia hiyo yote kwa mkupuo. Treni nyingine inaweza kuingia makutano hayo hayo wakati huo huo, mradi njia zao hazikutani. Chagua ile ya upande mmoja, kwa sababu treni haiwezi kuipita kutoka nyuma, jambo ambalo kwenye reli ya njia mbili ndilo tunalolitaka.

Mahali salama pa kusimama, kwa mujibu wa mchezo, ni ishara nyingine inayotazama mwelekeo huo huo, karakana, au mwisho wa reli. Mchezo hauulizi kama treni ikisimama hapo mkia wake utakuwa wapi. Swali hilo ni lako wewe mjenzi.

### Kuingia

Weka ishara moja kwenye kila reli inayoingia, mraba mmoja au miwili kabla ya pointi ya kwanza, yaani mahali reli inapoanza kugawanyika au kukatwa. Kwetu ziko ishara tatu za kuingia: ya kutoka Tanga, ya kutoka Korogwe na ya kutoka Ruvu. Hapo ndipo treni zitakaposubiri zamu.

### Ndani

Usiweke chochote. Wachezaji huweka ishara katikati wakidhani kwamba makutano yenye ishara nyingi hupitisha treni nyingi. Ukiweka ishara katikati ya kona ya kulia, umeiambia treni ya Korogwe kwamba inaruhusiwa kuingia nusu, isimame juu ya reli inayokatwa, na isubiri huko. Kama pointi mbili zimekaribiana kiasi kwamba treni nzima haitoshei katikati yake, zihesabu kuwa makutano mamoja.

### Kutoka

Hii ndiyo kanuni inayovunjwa kuliko zote. Ishara ya kwanza baada ya pointi ya mwisho iwe mbali kwa urefu wa treni nzima, na uongeze mraba mmoja wa tahadhari. Kwa treni zetu ni miraba 6. Fanya hivyo kwenye reli zote tatu zinazotoka.

Tazama kinachotokea ukiiweka kwenye mraba wa pili. Treni ya mahindi kutoka Korogwe inaona kwamba ishara ya upande wa Ruvu ni mahali salama, inashika njia, inaingia, na inasimama kwenye ishara hiyo kwa kuwa mbele yake kuna treni nyingine. Mabehewa yake sita yamebaki ndani ya makutano, yakiikata njia ya Ruvu kwenda Tanga. Treni ya mbele yake inasubiri nafasi kwenye stesheni ya kiwanda. Nafasi hiyo imeshikwa na treni ya matunda iliyokwisha kushusha, ambayo haiwezi kuondoka kwa kuwa reli ya kurudi imejaa hadi kwenye ishara ya Ruvu, na iliyoko kwenye ishara hiyo inataka kwenda Tanga. Mduara umefunga. Hakuna treni iliyokosea. Kila moja imesimama mahali iliporuhusiwa. Ni sawa na daladala inayoingia njiapanda ya Ngamiani wakati mbele hakuna nafasi: dereva mmoja anafunga barabara nne.

### Kuhesabu kwenye mshazari

Onyo kwa wanaohesabu miraba kwa macho. Kipande cha reli kinachopita mshazari ndani ya mraba kina nusu ya urefu wa kipande kilichonyooka, kwa hiyo treni ya miraba 5 hufunika vipande 10 vya mshazari. Ukihesabu vipande 6 vya mshazari ukadhani vimetosha, umeacha karibu nusu ya treni ndani ya makutano.

### Kwenye njia kuu

Baada ya ishara ya kutoka, endelea kuweka ishara kwa nafasi sawa. Ukishika kitufe cha Ctrl huku ukiburuta kipanya kutoka kwenye ishara iliyopo, mchezo utaendelea kuziweka wenyewe hadi makutano yanayofuata. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ukiburuta kuelekea makutano huziweka pia kwenye ile nafasi ya miraba 6 uliyoiacha kwa makusudi. Kagua na uondoe zilizozidi.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa mpangilio

Anza na treni moja kwa kila safari, usianze na zote. Ipeleke ya Tanga kwenda Ruvu, uitazame ikienda na kurudi, kisha ongeza ya Korogwe. Kama treni inasema imepotea, reli haijaungana au ishara inatazama upande usiofaa. Bonyeza ishara uigeuze.

Treni zote zikishajua njia, tumia nakala kuongeza idadi hadi foleni zionekane kwenye ishara za kuingia. Usiogope foleni hizo, ndizo unazozitafuta. Punguza kasi ya macho yako na utazame reli nyeusi: treni ya kushoto na ile inayonyooka kurudi Tanga zinapaswa kuingia pamoja bila kusubiriana, na treni mbili za kulia zinapaswa kupokezana.

Kufaulu hapa kunaonekana hivi: wakati wowote unaposimamisha mchezo, kila treni iliyosimama ina kichwa chake kwenye ishara na mkia wake nje ya pointi zote. Ukiona hata behewa moja limelala juu ya pointi huku treni imesimama, rudi kwenye ishara za kutoka.

## Hatua ya 6: Daraja, likihitajika

Makutano yasiyo na daraja hutosha kwa treni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jenga daraja pale tu ambapo foleni ya kuingia haipungui hata baada ya kuhakikisha kwamba upande wa kutoka uko wazi.

Wengi hujenga madaraja matatu kwa sababu makato ni matatu. Rudi kwenye karatasi. Makato mawili kati ya matatu yako juu ya reli moja, ile inayokwenda Korogwe. Ukiipandisha reli hiyo peke yake kwenye daraja moja, kona zote mbili za kulia zitapita chini yake, na litabaki kato moja tu ambapo zenyewe hukutana. Kona ya kushoto ya kwenda Ruvu ichepuke kabla ya daraja, na ile ya kutoka Ruvu iingie baada ya daraja.

Mambo matatu ya kuangalia. Daraja haliwezi kujengwa mshazari, kwa hiyo reli hiyo lazima inyooke kwenye mhimili mahali hapo, ingawa reli zinazopita chini yake zinaweza kuwa za mshazari. Usichague daraja la mbao, maana kikomo chake cha kasi ni kidogo na treni zote za njia kuu zitaburuzika. Tena, mchezo wa kawaida hauruhusu ishara juu ya daraja, kwa hiyo daraja liwe fupi kadiri linavyoweza. Ishara ya kuingia na ya kutoka hubaki palepale zilipokuwa.

## Makutano yakifunga: namna ya kutafuta chanzo

Usibomoe chochote. Simamisha mchezo, chagua treni moja iliyokwama, na ujiulize inasubiri reli gani. Nenda kwa treni iliyoishikilia reli hiyo, uulize tena swali hilo. Endelea hivyo hadi ufike kwa treni ambayo inasubiri kitu kisicho treni, au urudi kwa ile uliyoanza nayo.

Ukirudi ulipoanzia, kuna mduara, na ndani ya mduara huo ipo angalau treni moja iliyosimama mkia ukiwa juu ya pointi. Sogeza ishara iliyoiruhusu kusimama pale.

Ukifika kwa treni inayosubiri mzigo stesheni, makutano yako hayana kosa. Hili hutokea mara nyingi sana: treni zimepewa agizo la kusubiri zijae kabisa, mahindi ya Korogwe hayatoshi treni zote, na foleni imerudi nyuma hadi ikafika Mnyusi. Ongeza majukwaa, punguza treni, au ondoa agizo hilo kwenye baadhi yake. Kisha hakikisha kwamba kati ya stesheni na makutano kuna urefu wa treni mbili au tatu zenye ishara, ili foleni ya stesheni ikae hapo. Mlango wa stesheni nao ni makutano: ishara moja kabla ya pointi za majukwaa, ishara nyingine mwishoni mwa kila jukwaa upande wa kutokea, na katikati hakuna kitu.

Ukifika kwa treni inayotoka karakana, ihamishe karakana. Karakana iliyofunguka moja kwa moja kwenye reli za makutano huingiza treni katikati ya zamu za wengine, na inapoingiza treni kwa matengenezo huisimamisha njia nzima. Iweke kwenye njia ya pembeni, baada ya ishara ya kutoka.